Nafasi ya Nani? Insha Kuhusu Mstari na Subira

Ifikapo saa kumi na moja jioni, katikati ya jiji la Bujumbura, karibu na lilipokuwa soko kuu lililoungua Januari 2013, watu huanza kujipanga. Mstari wa Kamenge uko huku, wa Kinama uko kule, na wa Kanyosha umepinda kwenye kona hata mgeni hawezi kujua unaishia wapi. Hakuna kibao wala kamba. Anayefika huuliza, "Huu ni wa wapi?" Akijibiwa, husimama nyuma ya mgongo wa mtu asiyemfahamu. Baada ya hapo kazi yake ni moja tu, kungoja.

Miaka ya karibuni kungoja huku kumekuwa sehemu ya maisha yetu. Nchi imepungukiwa fedha za kigeni za kununulia mafuta, na mafuta yakikosekana mabasi huadimika barabarani. Mwaka 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilikatazwa kuingia katikati ya jiji, kwa hiyo waliozoea kuzikimbilia walikuja nao kujiunga na mstari wa basi. Magari yenyewe yana mistari yake kwenye vituo vya mafuta, na wako madereva wanaolala humo wakisubiri zamu. Mwanafunzi hupanga mstari wa basi asubuhi, mstari wa benki wakati wa kulipa karo, mstari wa kujiandikisha chuoni, na jioni hurudi kwenye mstari wa basi. Sisi tulioanza kupangwa mistari tangu shule ya msingi, mbele ya bendera, tungetazamiwa tuwe tumezoea. Hatujazoea. Kila jioni mtu mmoja hufoka, mwingine husonya, na wa tatu huwaambia wote wawili kwa Kirundi, "Mwihangane."

Katika insha hii najiuliza maswali mawili. La kwanza, ni kitu gani hasa kinachotuuma tukiwa kwenye mstari? La pili, mtu aliyesimama kwenye mstari anadaiwa nini na wale waliosimama pamoja naye, hasa walio nyuma yake? Swali hili la pili sikulitoa vitabuni. Niliulizwa na mtu mmoja, mbele za watu, na siku hiyo nilikosa jibu.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana, kungoja na kusubiri. Mtu anaweza kungoja huku amejaa hasira, na bado tukasema amengoja. Lakini kusubiri ni ndugu wa subira, na subira ni sifa njema ya mtu. Kila tunapomwambia mwenzetu "subiri", hata kama tunataka tu akae pale kidogo, tunamwomba wakati huohuo awe mtu mwema. Labda ndiyo sababu wanaotungojesha hupenda neno hili. Mlalamikaji huonekana amepungukiwa na tabia, kumbe huenda amepungukiwa na basi tu.

Methali zetu nazo hazikubaliani. Moja husema subira huvuta heri, nyingine hujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokuwa shuleni nilidhani ni lazima mojawapo iwe na makosa. Sasa naona zinazungumzia mambo mawili tofauti. Mkulima aliyepanda mahindi hungoja miezi kadhaa wala hamkasirikii mtu, kwa sababu mahindi hayawezi kukomaa leo. Anayepika maharage hungoja. Anayejikinga mvua chini ya kibaraza cha duka hungoja, na mara nyingi hupiga soga na aliye kando yake. Kungoja kwenyewe hakuna uchungu mkubwa. Uchungu huingia pale ninapongoja kitu ambacho kinagawiwa na watu, kwa watu, na siwezi kuwa na hakika kwamba ngoja yangu inahesabiwa.

Kwa maoni yangu mstari si watu waliosimama tu. Ni mapatano, ingawa hakuna aliyeyaandika. Mapatano hayo yana vifungu viwili. Cha kwanza kinasema aliyetangulia kufika atangulie kupanda. Cha pili hakitamkwi, lakini ndicho kinachokibeba cha kwanza: saa yangu moja haina thamani kubwa kuliko saa yako moja. Kwenye mstari wa Kinama mwalimu husimama nyuma ya fundi viatu, na fundi viatu nyuma ya mwanafunzi. Sijui mahali pengi katika jiji hili ambapo jambo hilo hutokea bila mtu kuona ajabu. Ndiyo maana mtu akijipenyeza mbele tunakasirika kupita kiasi cha hasara yenyewe. Dakika tano tulizopoteza si kitu. Tunachokasirikia ni kuambiwa, bila maneno, kwamba saa yetu ni ndogo kuliko yake.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre aliutazama mstari kwa jicho jingine. Katika kitabu chake *Critique de la raison dialectique* cha mwaka 1960, anaeleza kundi la watu wanaongoja basi mjini Paris, mbele ya kanisa la Saint-Germain. Wako pamoja lakini kila mtu yuko peke yake. Wanachukua tiketi zenye namba, na namba ndiyo inayosema nani atapanda na nani atabaki. Kwa Sartre, watu hawa hawaunganishwi na kitu chochote isipokuwa basi lisilotosha. Kila mmoja anaweza kuwekwa mahali pa mwingine, na kila mmoja ni mtu wa ziada kwa wenzake, kwa kuwa kama asingekuwepo nafasi ingepatikana.

Anayepanda basi Bujumbura atamwelewa Sartre haraka. Nimesimama kwenye mstari nikahesabu migongo iliyo mbele yangu, na nikakiri moyoni kwamba ningefurahi kama watatu kati yao wangeghairi safari. Hata hivyo nadhani aliona upande mmoja. Kwenye mstari wetu mtu humwambia aliye nyuma, "Nishikie nafasi, nanunua maji," naye humshikia, ingawa kumsahau kungemletea faida. Mwenye simu huwaeleza wengine habari alizozipata kuhusu meli ya mafuta au lori lililofika. Akitokea mtu wa kujipenyeza, wasiofahamiana hupaza sauti pamoja. Kwa hiyo mstari unaweza kuwa upweke wa watu wengi, na unaweza pia kuwa jamii ndogo inayodumu kwa saa moja tu.

Wako waliochunguza jambo hili kwa majaribio. Mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1986 matokeo ya jaribio walilolifanya katika mistari 129 huko New York. Waliwatuma watu wao wakajiingize katikati ya mstari, mbele ya mtu wa nne, kwa utulivu na bila kujieleza. Kisha wakaangalia nani atalalamika. Waliolalamika zaidi walikuwa watu wa nyuma, hasa yule aliyekuwa nyuma kabisa ya mvamizi. Wa mbele wengi walinyamaza. Mtu anaweza kusema hilo linajulikana hata bila jaribio, kwa sababu wa mbele hapotezi kitu. Lakini mimi jambo hili lilinigusa kwa sababu lilinikumbusha upande ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama siku moja.

Ilikuwa jioni ya mvua za masika, na mabasi yalikuwa yanakuja moja baada ya muda mrefu. Nilikuwa nimengoja zaidi ya saa moja na nusu, na sasa niliwahesabu watu waliokuwa mbele yangu nikaona Hiace inayofuata itanichukua. Mara akatokea rafiki yangu tunayesoma naye. Alinisalimia, akanishika mkono, kisha akaninong'oneza, "Ndugu yangu, niingize hapo." Sikufikiri. Nilisogea mbele hatua moja, naye akasimama nyuma yangu kama mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Nilihisi nimefanya jambo jema. Kwetu mtu anayemwacha rafiki yake akinyeshewa hawezi kusifiwa.

Nyuma yetu alikuwepo mzee mmoja aliyevaa koti la mvua. Hakufoka. Aliniuliza, "Kijana, umempa nafasi ya nani?"

Nikamjibu, "Yangu, mzee."

Akasema, "Mbona wewe bado upo hapo?"

Watu wawili watatu walicheka. Mimi nilitazama simu yangu. Hiace ilipofika, kijana anayepanga mstari alihesabu mabega kwa mkono wake mpaka 18, akafunga mlango. Mimi nilikuwa ndani, rafiki yangu ndani, na yule mzee pia ndani. Aliyekuwa wa 19 alikuwa mama wa makamo mwenye beseni la ndagala alilolifunika kwa nailoni. Dirishani nilimwona akitazama upande ambao mabasi hutokea, kisha akajitwika beseni lake akaanza kutembea kuelekea kaskazini. Kutoka mjini hadi Kinama kwa miguu si mwendo mfupi, hasa kwa mtu aliyeamka alfajiri kuchuuza. Kama nisingesogea hatua ile moja, angekuwa wa 18.

Tangu siku hiyo nimelichambua swali la mzee mara nyingi. Nilikuwa nimeamini kwamba nafasi kwenye mstari ni mali yangu, na kwamba mwenye mali anaweza kuitoa zawadi. Lakini nikitoa shati langu, mimi hubaki bila shati. Jioni ile nilitoa kitu na bado nikabaki nacho. Kilichotoka hakikuwa changu. Kilikuwa hatua moja ya kila mtu aliyekuwa nyuma, na kwa mmoja wao hatua hiyo ilikuwa sawa na safari nzima. Nilikuwa mkarimu kwa mfuko wa watu wengine, na sifa nikaichukua mimi. Tena niliyemnyang'anya sikumwona wakati nikimnyang'anya. Aliyeniuliza alikuwa mzee, lakini mzee alipata kiti. Aliyelipa alikuwa mbali, mkiani, asikojua hata kwamba kuna mtu ameingizwa. Huu ndio ugumu wa kimaadili wa mstari: hasara ya tendo langu haimwangukii aliye karibu nami, bali husukumwa nyuma mpaka impate mtu wa mwisho, ambaye sina sababu ya kumtazama usoni.

Hapa msomaji anaweza kunipinga kwa hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kufika mapema si haki pekee. Hospitalini mwenye dharura hutangulizwa hata kama amefika sasa hivi, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu muuguzi. Je, basi likija, mama mjamzito asimame mkiani kwa kuwa kachelewa? Nakubali kwamba haja kubwa inaweza kuvunja zamu. Lakini tuangalie inavyofanyika ikifanyika vizuri. Nimeshuhudia mara kadhaa mjamzito au mgonjwa akifika, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mpisheni mama." Watu huitika, wengine kwa kichwa tu, naye hupita mbele akiwashukuru. Hapo mtu mmoja hakutoa kilicho cha wengine. Mstari wenyewe umetoa. Wa mwisho amesikia na amepewa nafasi ya kusema hapana, ingawa karibu kila mara hasemi. Rafiki yangu hakuwa mgonjwa, lakini hata kama angekuwa, mimi nilimwingiza kwa kunong'ona. Kunong'ona kwetu ndiko kulikotushitaki. Kama jambo ni la haki, linaweza kusemwa kwa sauti inayofika mkiani.

Hoja ya pili inahusu fedha. Mwanafalsafa Michael Sandel, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mambo ambayo fedha haipaswi kuyanunua, anaeleza jinsi watu mjini Washington wanavyoajiriwa kusimama kwenye mstari wa kuingia vikao vya bunge la Marekani, kisha aliyewaajiri hufika dakika ya mwisho na kuchukua nafasi. Biashara kama hiyo si ngeni kwetu. Popote penye mstari mrefu hutokea kijana aliyefika alfajiri ambaye hana pa kwenda, naye huuza nafasi yake. Watu wengi humwona kijana huyo kuwa mwizi. Nilipoanza kuandika insha hii nami nilikusudia kumlaani. Lakini nikimpima kwa swali la mzee, nakuta jambo la kunishangaza. Kijana akiuza nafasi, yeye hutoka. Mmoja anaingia, mmoja anaondoka, na wa mwisho habadilishiwi namba yake. Kwa hesabu hiyo muuza nafasi alikuwa mwaminifu kuliko mimi niliyetoa bure.

Je, basi kuuza nafasi ni halali? Sidhani, ila kosa lake ni la aina nyingine. Nilisema kwamba kifungu cha pili cha mapatano ni kwamba saa zetu zinalingana. Anayenunua nafasi ameingiza kipimo kingine kwenye mahali pekee ambapo kipimo hicho kilikuwa hakijafika. Tena biashara ikishamiri, mstari hujaa watu wasiosafiri, na mama wa ndagala hukuta mbele yake migongo 40 ya wauzaji. Kosa la muuza nafasi linaharibu maana ya mstari polepole. Kosa langu lilimwibia mtu mmoja siku hiyohiyo. Sijui lipi ni kubwa zaidi, lakini najua lipi huitwa wizi na lipi huitwa urafiki, na sioni kwamba majina hayo yamegawanywa kwa haki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mtu anaweza kuniambia: "Unawahubiria adabu waliosimama mvuani, na wale wasiosimama kabisa unawaacha? Wenye magari makubwa hawajui mstari wa Kinama uko wapi. Waliosababisha basi likosekane hawangoji basi. Kuwafundisha maskini kupanga mstari vizuri ni kuwafundisha wavumilie kunyimwa." Methali ya mwenye nguvu mpishe inajulikana na kila mtu, na tunaona ikitimizwa kila siku.

Nakiri kwamba mstari ulionyooka si lazima uwe mstari wa haki. Historia ya Kenya ina mfano ambao wanafunzi wa Kiswahili tunaukumbuka kwa sababu uliingia kwenye lugha. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walitakiwa kusimama mlolongo nyuma ya mgombea wanayemtaka au wakala wake, mchana kweupe. Kulikuwa na mahali ambapo kila mtu aliona mlolongo upi ni mrefu, na bado mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi. Wananchi walikuwa wamesimama kama walivyoambiwa. Aliyeharibu hakuwa kwenye mlolongo, alikuwa anayehesabu. Hapo kuwasifu watu kwa utulivu wao kungekuwa kuwaongezea dharau.

Kwa hiyo sikubali kwamba hasira ya mstarini ni upungufu wa subira. Mara nyingi ni hisia sahihi ya mtu anayejua kwamba saa zake zinachukuliwa na hapewi hesabu. Mtu anayengojeshwa ana haki ya kuuliza ni kwa nini mabasi ni machache, mafuta yamekwenda wapi, na nani anapita mlango wa nyuma. Kusimama vizuri hakumfungi mdomo. Lakini pia sikubali kwamba dhuluma ya walio juu inanipa ruhusa ya kumdhulumu aliye nyuma yangu. Mama yule hakukosesha mafuta. Nilipomwingiza rafiki yangu sikumpunguzia mwenye nguvu hata dakika moja. Nilichukua kutoka kwa mtu pekee mahali pale aliyekuwa mnyonge kuniliko. Kama kuna ubaya unaofanana na ule wa wakubwa, ni huo: kuchukua pasipo kuonekana, kutoka kwa asiyeweza kusema, na kuuita jina zuri.

Narudi sasa kwenye neno nililoanza nalo, mwihangane. Kwa Kirundi neno hili hutumika mahali pawili. Huambiwa anayengojeshwa, na huambiwa aliyefiwa. Msibani halituudhi. Anayelitamka amekuja kwa miguu yake, ameketi pamoja nasi, na ataketi muda mrefu kabla ya kuondoka. Ameingia katika ngoja yetu ndipo akatuomba tuivumilie. Neno hilohilo likitoka kwa karani aliye nyuma ya kioo, anayejua atafunga saa ngapi na atarudi nyumbani kwa gari gani, hugeuka kuwa amri. Nadhani kanuni ni hiyo. Wa kuniambia nisubiri ni yule anayesubiri pamoja nami. Mwingine anidai utulivu kama anaweza, lakini asiniite mkosefu wa subira.

Kanuni hiyo inanibana na mimi pia. Siwezi kumwambia aliye nyuma yangu avumilie wakati mimi ndiye niliyemwongezea cha kuvumilia.

Wiki chache zilizopita rafiki yangu alinikuta tena kwenye mstari wa Kinama, nikiwa karibu na mwanzo. Aliponishika mkono nilijua atasema nini. Nilimwambia, "Ukitaka, simama hapa mimi nitoke, au twende wote nyuma tukapige soga." Alinitazama akafikiri nina mzaha. Tulikwenda nyuma. Hiace ya kwanza ilituacha, na ya pili pia. Nilifika nyumbani saa tatu usiku, nimechoka, na chakula kilikuwa kimepoa. Siwezi kudai kwamba nilijisikia vizuri. Rafiki yangu alinidhihaki njia nzima, na tuliposhuka aliniuliza kama kweli ninadhani kuna mtu hata mmoja mbele pale aliyetambua kwamba tumeondoka.

Nilimjibu kwamba wa mbele hawakutambua. Wa nyuma walisogea hatua moja.